Mti Uliozaa Spana

Jumapili asubuhi, baada ya chai, dereva wa boza la maji alitandika mto wa kochi kwenye kiti cha abiria, akapandisha kioo cha upande ule ili upepo usiingie, kisha akarudi ndani kumchukua shemeji yake. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai ya tangawizi iliyofungwa kwa taulo. "Asikae juani," akasema. Alisema hivyo kila Jumapili, ingawa alijua kwamba kule wanakokwenda hakuna jua linalofika chini. Mdogo wake huyo, shemeji wa dereva, alitoka polepole, mkono mmoja ukutani, akikohoa kile kikohozi kikavu ambacho majirani walikwisha kukizoea kama mlio wa geti. Akapanda ngazi za kabini, akapumzika katika kila ngazi, akakaa.

Walipita kituo cha mafuta, wakapita gereji, wakaanza kupanda mlima katikati ya vigogo vyeusi vya msitu ulioungua. Kwenye kona ya mwisho kabla ya mgongo wa mlima palikuwa na mti mmoja tu wa kijani. Ulikuwa umeota juu ya lami, katikati ya barabara, na barabara ilikuwa imeuzunguka. Dereva aliegesha pembeni, akatandika mkeka, akamsaidia mgonjwa kushuka. Chini ya mti ule shemeji hakuwa anakohoa. Alilala chali, akavuta pumzi mpaka kifua kikapanda, akaitoa, akavuta nyingine, kama mtu aliyefika bombani na kiu ya siku nzima. Juu yake spana zilining'inia kwa vikonyo vyake katikati ya majani, changa nyembamba kama njiti, zilizokomaa nzito na namba zake zikisomeka. Moja ikadondoka, namba kumi na saba, ikalia kwenye lami. Dereva aliiokota akaiweka kando ya shina kwa ajili ya atakayepita na shida nayo.

"Ulikwama mahali pazuri, shemeji," mgonjwa akasema, macho ameyafumba. "Usingekwama hapa, leo ningepumulia wapi?"

Dereva akasema ni kweli. Masikio yake yalikuwa yanawaka kwa aibu. Alimimina chai, akampa shemeji kikombe, akageukia upande wa bondeni ili uso wake usionekane.

Kazini jina lake lilikuwa Taratibu. Wenzake walimpa jina hilo kwa namna alivyokuwa akiteremka milima, gia ndogo, mguu juu ya breki, huku foleni ikimtukana nyuma. Hakuwahi kulichukia. Maji yakicheza ndani ya tenki kwenye kona yanaweza kulivuta gari zima hadi bondeni, kwa hiyo dereva wa boza asiye mwoga hazeeki. Woga ulikuwa sehemu ya ufundi wake, na kwa miaka mingi haukumdhuru mtu.

Watu wakitazama habari za moto wa msituni huonyeshwa wazimamoto wenye nyuso za masizi, na ni haki yao kuonyeshwa. Lakini maji hayapandi mlima yenyewe. Wala tingatinga halitoki mjini kwa miguu, hubebwa mgongoni mwa tela. Mahema, mipira ya maji, mafuta ya pampu, mikate, viatu vya akiba, hata choo cha plastiki cha kambini, vyote hufikishwa na madereva wa malori ambao wiki iliyotangulia walikuwa wakibeba saruji. Moto ukizuka, idara ya misitu huwapigia simu matajiri wa malori, matajiri huwapigia madereva, na madereva huwaambia wake zao wasiwawekee chakula. Kila mwaka madereva waliomba vitu vile vile: redio za mawasiliano, kwa kuwa simu hazishiki mlimani, barakoa za moshi, na barabara ipanuliwe walau kwenye kona ili malori mawili yaweze kupishana. Kila mwaka waliambiwa yanashughulikiwa.

Kwa kukosa redio walitegemea matawi. Gari likiharibika mlimani, dereva hushuka na panga, hukata matawi yenye majani na kuyapanga barabarani nyuma ya gari, moja baada ya jingine, la mwisho likiwa mbali kiasi cha kumwezesha anayekuja kufunga breki. Anayeyaona matawi haulizi kuna nini. Anajua mwenzake amekwama. Na akifika, utaratibu unamtaka ashuke, amwendee, amwambie, "Unataka spana gani?" kabla hata ya salamu. Dereva anayepita bila kuuliza, siku akija kukaa kwenye benchi la chai, benchi hujaa ghafla.

Siku moto ulipoupanda mgongo wa mlima, kikosi cha wazimamoto alichokuwemo shemeji kilikuwa juu kabisa, kwenye uwazi uliochongwa na tingatinga, na pampu yao ilikuwa inanyonya hewa. Mkuu wa kikosi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene, fundi wa pampu kabla hajawa mzimamoto, na hakuna aliyewahi kumwona bila mfuko wake wa turubai kiunoni. Alimtuma mtu chini aseme waletewe maji. Maboza yakapanda kwa mstari, Taratibu mbele, kwa sababu yeye ndiye aliyeijua barabara ile kuliko wote. Alijua pia kwamba shemeji yake yuko juu. Hilo halina budi kusemwa, maana yeye mwenyewe amejisemea mara nyingi.

Kwenye kona ya mwisho alikuta moshi umelala barabarani. Moto wenyewe hakuuona. Aliusikia upande wa kushoto, ukilia kama mtu anayemwaga mahindi makavu juu ya bati. Barabara ilikuwa wazi, tairi zilikuwa nzima, injini ilikuwa inanguruma vizuri kabisa. Mguu wake ukakanyaga breki, na alipouambia uachie, haukuachia. Alikaa hivyo jasho likimtoka, akijiambia ni kidogo tu, moshi upungue. Kisha akawakumbuka walio nyuma. Dereva hasimami mlimani bila sababu, ni fedheha. Akachukua panga chini ya kiti, akashuka, akakata matawi.

Aliyapanga vizuri. Mikono yake ilikuwa imeifanya kazi ile mara nyingi kwa haki, na haikujua tofauti. Aligeuza majani kuelekea wanakotoka wenzake, akayapunguzia nafasi kadiri yalivyolikaribia gari, akarudi kabini akakaa.

Boza la pili likafika. Dereva wake waliyemwita Honi alitoa kichwa dirishani. Taratibu akainua mkono akauzungusha kiganja, ishara ya madereva kwamba gari limekufa. Honi hakushuka, wala hakuuliza spana. Aliyatazama matawi, akautazama moshi, na usoni pake kukapita kitu ambacho Taratibu alikitambua mara moja, kwa kuwa alikuwa nacho yeye mwenyewe: nafuu. Hapakuwa na nafasi ya kupishana. Maboza yakarudi kinyumenyume hadi penye kugeuzia, yakageuka, yakaenda kuzunguka kwa njia ndefu ya upande wa pili. Yalipofika juu, moto ulikuwa umekwisha kupita.

Alipobaki peke yake Taratibu aliliwasha boza, nalo likawaka mara moja. Hapo ndipo alipokumbuka tenki. Gari lililokufa likafufuka watu wangeliamini, lakini likiwa bado limejaa maji hadi shingoni wangeuliza kwa nini hakuyapandisha. Akafungua koki. Maji yaliyokuwa ya watu wa juu yakamwagika kwenye lami, yakayapitia matawi moja moja, yakaingia mtaroni. Alisubiri yaishe, maana koki ya boza haiharakishwi. Kisha akarudi kinyumenyume, matawi yakipita katikati ya magurudumu, na hakushuka kuyaondoa.

Watu wa juu walijilaza ndani ya handaki la tingatinga, moto ukawapita kwa juu. Wengi walipona. Shemeji alipona na mapafu ambayo daktari aliyaonyesha kwenye picha kwa ncha ya kalamu, bila kusema mengi. Mkuu wa kikosi alikutwa amekufa mbali na wenzake, mteremkoni, upande wa barabara. Idara ilitangaza kwamba alipotelea kwenye moshi.

Jioni ile mke wa Taratibu alimmiminia mumewe maji ya kunawa kabla ya kula. Ameolewa na dereva tangu ujana wake, na anajua mtu ambaye gari lake limemharibikia hurudi vipi: kucha nyeusi, grisi mpaka kwenye viwiko, na hasira. Maji yalidondoka kwenye beseni meupe kama yalivyotoka kwenye jagi. Aliyatazama, akaenda kuyamwaga uani, akarudi kupakua chakula. Tangu siku hiyo, kila akimnawisha alimimina kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, naye Taratibu aliacha mikono yake pale mpaka jagi liishe.

Matawi yaliota wiki ile ile. Wapasua magogo waliokwenda kusafisha msitu waliyaona kwanza, yamesimama wima kwenye lami, mizizi imeshika. Kabla ya mvua yalikuwa yameshikana yakawa shina moja. Idara ya barabara ilimtuma mhandisi, akauzunguka mti, akaupiga kwa kiatu, akasema ni mti. Walijaribu kuukata, msumeno ukaishiwa meno. Basi wakaupaka chokaa chini, wakaubandika vioo vya kuakisi taa, wakauchonga mlima kidogo ili magari yapite pembeni. Kwa hiyo kona ile ikawa na nafasi ya malori mawili kupishana, kama madereva walivyokuwa wakiomba, na idara ikapiga picha ya kazi yake.

Palikuwa pia na sherehe ya kuwashukuru madereva. Ofisa mmoja alisema madereva ndio uti wa mgongo, akalirudia neno hilo alipoona limependwa. Kuhusu redio na barakoa alisema yanashughulikiwa. Kila dereva alipewa fulana yenye mistari inayong'aa. Taratibu aliitwa mbele peke yake, kwa kuwa alifika karibu na moto kuliko wote kabla gari halijamwangusha, na picha yake ikatundikwa ofisini, kati ya saa ya ukutani na kalenda. Kwenye picha hiyo anaonekana mnyenyekevu sana. Watu waliisifia.

Msimu uliofuata mti ukazaa spana. Mwanzoni zilikuwa ndogo, za kufaa baiskeli, kisha zikaja za magari, halafu za malori makubwa. Madereva walifurahi. Spana nzuri zilikuwa zimeadimika madukani, na hizi zilikuwa za chuma kizuri kisichochubua kichwa cha nati. Honi alikuwa wa kwanza kuchuma, akajaza kisanduku. Ikawa desturi kila lori linalopanda kusimama pale, dereva kunyoosha mgongo, kutikisa tawi, kuokota anachokitaka na kupiga honi kidogo ya shukrani. Akina mama wa mkaa walikwenda kuokota zilizobaki wakauza gereji. Hakuna aliyeuliza kwa nini mti uzae spana badala ya kitu kingine. Wengi walikuwa wa msafara ule wa siku ya moto, na swali lingeanzia mbali.

Taratibu hakuchuma hata moja, kwa kuwa hakuwa na pa kuitumia. Tangu siku ya moto boza lake lilikataa kuharibika. Tairi zilitembea juu ya misumari bila pancha. Betri ilizeeka kwa tarehe tu. Fundi wa gereji, ambaye walimwita Daktari na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiliita boza lile mke wake wa pili, alifungua boneti, akasikiliza, akapangusa mikono iliyokuwa safi.

"Hili gari limeokoka," akasema. "Usiniletee tena, unanitia umaskini."

"Angalia breki, fundi."

"Breki mpya."

"Angalia gia basi. Kuna kitu kinagonga."

Daktari alimtazama. "Kinachogonga hakimo humo, bwana mkubwa," akasema, akafunga boneti.

Kuna siku Taratibu alilipandisha boza mlima na mafuta kidogo kusudi yamwishie kwenye kona, ajionee walau mara moja inavyokuwa kukwama pale. Mshale ulilala chini kabisa na boza likaendelea kupanda. Alilia usukanini kama mtoto. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto waliooa, akilia kwa sababu gari lake ni zima.

Kilichomnyima usingizi si mti, wala spana. Ni shemeji. Angekuwa anamlaumu, ingekuwa rahisi. Lakini shemeji alihamia kwao baada ya hospitali, akalala kwenye kochi la sebuleni, na kila mgeni alipokuja alimsimulia habari za mume wa dada yake aliyekuja kuwaletea maji mpaka mdomoni mwa moto, gari likamsaliti. Aliisimulia kwa pumzi fupi fupi, akikatisha kukohoa, na Taratibu alisimama pale pale na sinia la vikombe. Mara nyingi alifungua mdomo. Mara nyingi ilitoka, "Karibuni chai."

Halafu daktari wa hospitali aliita familia pembeni. Kila mtu akaelewa muda si mwingi, na Taratibu akaelewa zaidi ya wengine, kwamba kuna neno ambalo likichelewa halitakuwa na wa kuambiwa.

Jumapili hiyo ya chai ya tangawizi, shemeji alipomaliza kikombe chake alinyoosha mkono akalipapasa shina.

"Nikifa mnizike hapa," akasema. "Waambie watu wa barabara wanichimbie upande wa kivuli. Ndipo mahali pekee duniani ninapoona raha."

"Usiseme hivyo."

"Nasema nikiwa na pumzi ya kusemea. Nyumbani siwezi kusema sentensi ndefu."

Taratibu aliweka chupa chini. Spana changa zilikuwa zinagongana juu kwa upepo. Alizungumza akiitazama lami.

"Shemeji, siku ile gari halikuharibika."

Shemeji hakufumbua macho.

"Lilikuwa zima. Niliogopa moshi. Nikasimama, nikakata matawi ili wenzangu wasijue. Maji niliyamwaga hapa hapa tulipokaa."

Shemeji alipumua vizuri, pumzi za kushiba, mtu angeweza kuzihesabu.

"Tulikuwa tunakuona," akasema hatimaye. "Pale juu barabara yote inaonekana, moshi ukiachia. Tulikuona ukishuka na panga. Tulikuona ukiyapanga. Mkuu akasema, tazameni yule dereva, kaharibikiwa pabaya vile na bado anawawekea wenzake alama, tena kazipanga vizuri. Kisha maboza mengine yakageuka. Akasema, maskini, wamemwacha peke yake, hata spana hawakumuuliza."

Taratibu aliinua kichwa.

"Akachukua mfuko wake wa spana akateremka kuja kukusaidia. Tulimzuia. Akasema pampu na gari ni ndugu, nitamwashia gari lake, tutapanda naye na maji. Mimi nikajivunia wewe, nikamwambia, Mkuu, yule ni shemeji yangu. Akaniambia, basi nitamsalimu."

Shemeji akafumbua macho.

"Nimekuficha muda wote huu," akasema. "Nilidhani ukijua alikufa akija kwako, itakuua. Nikasema bora nife nayo mimi. Nilijua tu kwamba alikufa akimfuata mtu mwenye shida, nikawa najipoza kwa hilo." Akazitazama spana juu yake. "Kumbe hapakuwa na shida."

Taratibu aliomba msamaha, lakini kwa sauti ndogo mno, na haijulikani kama ilifika. Shemeji akavuta pumzi ya kusema jambo jingine, pumzi ikagota katikati, akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi kile kile cha nyumbani, chini ya mti, mpaka akashika kifua kwa mikono miwili. Juu yao spana zilizokomaa zikatikisika na kudondoka, nyingi, zikilia kwenye lami pande zote za mkeka. Hakuna iliyowagusa.

Walirudi nyumbani. Mlangoni mke aliwatazama wote wawili, akapokea chupa, akasema, "Alikaa juani?" Mdogo wake akajibu kwamba hapana, dada, hakukaa juani.

Tangu siku hiyo shemeji akawa anakohoa chini ya mti kama anavyokohoa kwenye kochi. Hata hivyo Jumapili iliyofuata alikuwa ameketi ngazini na mto wake mapajani, akisubiri. Taratibu alimpeleka. Walikaa, mmoja akakohoa, mwingine akashika kikombe. Wageni walipokuja nyumbani shemeji aliacha kuwasimulia habari za moto. Alifariki mwanzoni mwa kiangazi, na alizikwa makaburini pa kawaida, kwa maagizo yake mwenyewe. Dada yake alilia siku nyingi. Kisha akarudi kummiminia mumewe maji ya kunawa, muda ule ule mrefu.

Kiangazi kilipokolea, moto ukazuka tena, safari hii ng'ambo ya mgongo wa mlima, kwenye msitu uliosalia. Idara iliwapigia matajiri, matajiri wakawapigia madereva. Redio hazikuwepo, barakoa hazikuwepo. Fulana walizivaa. Maboza yakapanda kwa mstari, Taratibu mbele, kwa sababu bado yeye ndiye aliyeijua barabara ile kuliko wote.

Kwenye kona ya mti palikuwa na moshi mwepesi. Alipunguza mwendo, mguu wake ukatafuta breki, naye akauondoa kwa mkono, kama mtu anayeondoa kitu cha mwingine, akauweka kwenye mafuta. Boza likapita pembeni ya mti na kuendelea kupanda. Hakukuta jambo lolote baya barabarani. Alipotazama kwenye kioo, Honi alikuwa amesimama chini ya mti kama desturi ilivyotaka, na waliomfuata wamesimama nyuma yake. Taratibu alitoa mkono dirishani akawapungia waje. Honi aliutazama ule mkono. Kisha akachukua panga, akalikata tawi la mti ule, ambao siku hiyo ulikubali kukatika, akalilaza barabarani. Akakata jingine.

Taratibu alifika juu peke yake. Wazimamoto walikimbia na mpira wakaufunga kwenye koki, na maji yakaingia kwenye pampu, maji ya boza moja. Mkuu mpya wa kikosi alikuwa kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alimshika Taratibu mkono kwa mikono yake yote miwili akamshukuru.

"Na wengine, mzee wangu?"

Wote wawili waligeuka kutazama chini. Moshi ulikuwa umeachia, na barabara yote ilionekana. Maboza yalikuwa yamesimama kwa mstari chini ya mti, na nyuma ya kila moja kulikuwa na matawi ya kijani.

"Loo, wameharibikiwa," akasema mkuu.

"Hawajaharibikiwa," Taratibu akasema. "Mkuu, nisikilize. Magari yale ni mazima. Wanaogopa."

Mkuu alitabasamu kwa heshima, kama mtu anavyomtabasamia mkubwa aliyechoka na safari. "Hakuna dereva anayeweka matawi bure, mzee. Tazama yalivyopangwa vizuri." Akageuka akamwita mzimamoto mmoja, mtu mnene mcheshi aliyekuwa akinywa maji kwenye kofia yake. "Wewe si ulikuwa gereji? Teremka ukawaangalie wale ndugu zetu."

Mtu yule akamimina maji yaliyobaki kichwani, akavaa kofia, akajifunga mfuko kiunoni, akaanza kuteremka kwa njia ya mkato, upande ambao moto ulikuwa umevuka mgongo wa mlima na mahindi makavu yalikuwa yameanza kumwagika juu ya bati. Taratibu alimfuata akikimbia, akijikwaa, akimshika fulana kwa nyuma, akimwambia yale magari ni mazima, arudi, ni mazima. Yule bwana hakusimama. Alimwambia asiwe na wasiwasi, mzee, spana anazo za kila namba, zote za mti ule ule.